Kijana wangu haitiki jina lake, mkwe anataka akatwe udata

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni msomaji wako, nina miaka 27, naishi Uyole hapa Mbeya, nauza viazi. Navifuata Isyonje kwa wakulima, nakuja kuviuza kwa gunia na kwa ndoo. Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni Tunduma na wakati mwingine anavuka hadi Zambia, kwa hiyo nyumbani muda mwingi tupo watatu: mimi, mtoto na mama mkwe.

Mtoto wetu ni wa kiume, ana mwaka mmoja na miezi minane. Haongei. Hata "mama" hasemi. Alipokuwa na miezi mitano, sita, alikuwa anabwabwaja vizuri tu, ba-ba-ba, tukawa tunafurahi, halafu polepole akanyamaza. Ukimwita haitiki. Ila hapo ndipo ninapochanganyikiwa, maana lori likipita barabarani anashtuka, na bibi yake akitwanga kwenye kinu anageuka kuangalia. Sasa kiziwi gani anayesikia kinu? Na akili anazo. Akitaka chai ananivuta khanga mpaka ilipo chupa, ananionyesha kwa kidole. Kutembea alichelewa, alianza akiwa na mwaka na miezi mitano.

Mama mkwe anasema ana udata, ulimi umeshikwa chini, na kuna mzee anamfahamu anayekata kwa wembe, watoto wa watu wameongea baada ya kukatwa. Ameshapanga twende mwisho wa mwezi huu. Anasema tena kwamba nilikula mayai nikiwa na mimba, alinikataza nikambishia. Shemeji yangu yeye kaenda mbali zaidi, amempigia kaka yake simu akamwambia "mkapime tena", unaelewa anachomaanisha. Tulipima wote wawili kliniki, hatukuwa na maambukizi, kadi ninayo.

Lakini kinachoninyima usingizi ni kingine. Mimba ikiwa na miezi miwili nilikwenda Mbalizi kwa dada yangu, nikakuta watoto wake wawili wana vipele. Nilikaa siku tatu nikimsaidia kuwaogesha. Wiki mbili na ushei baadaye na mimi nikatoka vipele vidogo vyekundu, vilianzia usoni vikashuka kifuani, na homa kidogo. Nyuma ya masikio nilikuwa na vivimbe vinavyouma nikifunga kilemba. Siku ya tatu vikaisha. Duka la dawa waliniambia ni aleji, nikapewa vidonge. Kliniki sikusema kitu, kwa sababu nilipokwenda vilikuwa vimeshapona.

Mtoto alizaliwa mimba imetimia, lakini alikuwa na kilo 2.2. Daktari aliyemsikiliza alisema moyo una sauti isiyo ya kawaida, akaandika kwenye kadi tumrudishe akifikisha miezi sita. Hatukumrudisha. Alikuwa ananyonya vizuri, baba yake alikuwa safarini, na viazi msimu ule vilikuwa vimeanguka bei. Tukaacha.

Juzi nilisikia redioni wanazungumzia rubela, na dalili walizotaja ni zilezile zangu. Nilizima redio. Nimemwambia dada yangu peke yake, anasema ninyamaze, nitajivunjia ndoa. Naomba unijibu mama. Ni mimi nimemharibu mwanangu? Udata ukatwe au usikatwe? Atakuja kuongea? Nikipata mwingine atakuwa hivihivi? Na mume wangu nimwambie?

Mama K., Uyole, Mbeya


JIBU

Marahaba mwanangu.

Naanza na wembe, kwa sababu huo umeshapangiwa siku. Asikatwe. Udata upo kweli, ni ule uzi wa chini ya ulimi unapokuwa mfupi, na ukiwa mfupi sana unamsumbua mtoto kunyonya, na baadaye unaweza kumfanya aseme baadhi ya herufi vibaya. Lakini mtoto mwenye udata akiitwa anageuka. Kugeuka hakuhitaji ulimi. Na wako umesema mwenyewe alinyonya vizuri. Nimefanya kazi wodini Iringa mpaka nastaafu, na nimewapokea watoto waliotoka kukatwa udata na vimeo usiku wa manane, mama amewafunga kwa kitenge kimoja kilicholowa damu chote. Wembe huo umeshapita kwa watoto wengine kabla ya wako. Mwambie mkweo kwa heshima zote: mama, tukampime masikio kwanza, ulimi hauendi popote.

Maana swali lako la kinu ni zuri kuliko unavyodhani. Kinu kinatikisa sakafu. Lori linatikisa dirisha, na kwa barabara yetu ile ya Tunduma linatikisa hata kitanda. Mtoto asiyesikia anajifunza mapema sana kusoma mtikisiko, upepo wa mlango, kivuli ukutani, macho ya bibi yake. Ndiyo maana familia nyingi zinachelewa kugundua, wala si uzembe. Halafu kuna wanaosikia kidogo: sauti nzito za ngoma na injini zinafika, ila s, f na t hazifiki, basi neno linamfikia limeliwa na panya.

Jaribu hivi. Mkalishe kwenye mkeka acheze, mtu mwingine akae mbele yake amtazame usoni. Wewe simama nyuma yake hatua tatu, miguu peku, jua lisitupe kivuli chako mbele. Gonga kijiko kwenye kikombe ulichoshika mkononi, kisicho mezani wala sakafuni. Mwite kwa sauti ya kawaida. Usipige makofi, kofi linasukuma hewa. Rudia siku nyingine akiwa ameshiba. Asipogeuka, umepata jambo la kumwambia daktari. Akigeuka pia nenda, kwa sababu hiki ni kipimo cha jikoni tu, na kile kimya chake baada ya kubwabwaja hakinipi raha. Watoto viziwi nao hubwabwaja wanapokuwa wachanga kama wenzao. Halafu, kwa kuwa hawajisikii, wanaacha.

Sasa hivyo vipele. Ulichokieleza kinafanana sana na rubela, ugonjwa ambao wengine huuita surua ya siku tatu: homa ndogo, vipele vinavyoanzia usoni, tezi zilizovimba nyuma ya masikio na kisogoni. Kwa mtu mzima ni ugonjwa wa kupuuza kabisa. Kwa mimba changa haupuuziki, kwa sababu kirusi chake kinavuka kondo la nyuma, kinaingia kwenye chembe za mtoto, kinazipunguzia kasi ya kugawanyika na kuumiza mishipa midogo ya damu. Wewe unafuata viazi Isyonje, unaijua barafu ya mwezi wa saba. Ikikuta shamba ndio kwanza limechipua, inaunguza. Ikikuta viazi vimeshakomaa ardhini, majani yanakauka lakini unachimba unakuta gunia lako lipo. Ndivyo ilivyo kwa wiki za mimba. Mama akiambukizwa ndani ya wiki 12 za mwanzo, uwezekano wa mtoto kuguswa unaweza kufika asilimia 90. Baada ya wiki 20 ni nadra. Wewe, kwa hesabu yako, ulikuwa kwenye wiki ya kumi hivi, wakati sikio la ndani, moyo na lenzi ya jicho vinajengwa.

Jambo hili liligunduliwa Australia. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney aliyeitwa Norman McAlister Gregg aliandika juu ya watoto 78 waliozaliwa na mtoto wa jicho, na karibu mama zao wote walikumbuka kuugua rubela mwanzoni mwa mimba. Husimuliwa kwamba fununu ya kwanza aliipata kwa kuwasikia akina mama wakipiga soga kwenye chumba cha kusubiri. Nakuambia hili kwa sababu umezima redio na kujifungia na kumbukumbu yako kama siri ya aibu. Kumbukumbu yako ni taarifa ya kitabibu. Daktari anaihitaji.

Lakini sikusemei uongo: kuthibitisha sasa kwamba ilikuwa rubela ni vigumu. Damu ya mtoto ingejibu vizuri katika miezi yake ya mwanzo. Kama alipata chanjo ya surua-rubela ya miezi 9, na ya miezi 18, kipimo cha kinga kitasoma "anayo" na hakitatwambia aliipata wapi. (Kama ya miezi 18 ameikosa, kachanjwe, haijapita.) Zipo pia sababu nyingine za mtoto kutosikia. Kuna kirusi kingine kiitwacho saitomegalo, ambacho ndicho maambukizi ya tumboni yanayoongoza duniani. Mama huwa hajui hata kama amekipata, kinakuja kwa mate na mkojo wa watoto wadogo, na kwa huyo mtoto kipimo kinatakiwa ndani ya wiki tatu tangu azaliwe. Kuna ukoo wenye viziwi. Kuna manjano kali ya utotoni, homa ya uti wa mgongo, na baadhi ya sindano. Uzito mdogo, ile sauti ya moyo, na vipele vya wiki ya kumi, vyote vikiwa pamoja, vinanielekeza kwenye rubela. Mahakamani nisingeapa. Ila hatua za kuchukua kesho kutwa ni zilezile, iwe rubela au isiwe.

Na hapa naomba unisamehe, nitakuwa mkali kidogo. Moyo. Wewe umeniandikia kuhusu masikio na ulimi, ukautaja moyo kama mtu anayetaja bei ya nauli. Mtoto akiwa tumboni hapumui, kwa hiyo kuna kimshipa karibu na moyo kinachoipitisha damu pembeni isiende kwenye mapafu. Akizaliwa, kimshipa hicho hutakiwa kujifunga ndani ya siku chache. Kwa watoto wa rubela mara nyingi hubaki wazi, na anayemsikiliza kifuani husikia mlio. Mtoto anaweza kunyonya vizuri, akacheza, akacheka, huku moyo unafanya kazi ya watu wawili. Mwingine anachoka upesi, anatoka jasho akila, haongezeki uzito, vichomi haviishi. Kinaweza kufungwa, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam inafanya kazi hiyo, lakini kwanza lazima aangaliwe kwa kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ile picha kama ya ultrasaundi ya mimba. Daktari aliandika miezi sita. Sasa ni ishirini. Hatulii juu ya miezi kumi na minne iliyopita, lakini mwezi wa kumi na tano usiongezeke.

Nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kitengo cha masikio, pua na koo, na uombe aonwe pia na daktari wa watoto na wa macho. Siku hiyohiyo wakikubali, kama si hivyo kila mmoja na siku yake. Sema maneno haya: haitiki jina, alibwabwaja akaacha, alizaliwa na kilo 2.2, ana mlio wa moyo, nilitoka vipele na tezi mimba ikiwa na wiki kumi. Kwa umri wake kipimo cha kuaminika cha usikivu hufanywa akiwa amelala, anabandikwa vitu vidogo kichwani, mashine inasoma kama mlio unafika kwenye ubongo. Hakiumi. Wakikosa mashine au mtaalamu siku hiyo, wakuandikie rufaa, usirudi nyumbani na maneno matupu ya "atakuja kuongea tu, wavulana huchelewa". Sentensi hiyo imewagharimu watoto wengi miaka yao ya lugha. Kuhusu macho, angalia picha mlizompiga kwa mwanga wa simu: kama kuna mboni moja inayoonekana nyeupe, usisubiri hata foleni ya wiki.

Atakuja kuongea? Itategemea anasikia kiasi gani, na mmeanza kumsaidia lini. Akiwa na usikivu uliobaki, shimesikio, vile vifaa vidogo vya sikioni vinavyokuza sauti, zinaweza kumfikisha mbali, na zinavaliwa hata na mtoto wa umri wake. Kuna pia kile kifaa kinachopandikizwa ndani ya sikio. Muhimbili walianza upasuaji huo mwaka 2017. Ni ghali na kinataka mazoezi ya muda mrefu, kwa hiyo msiuze kiwanja kabla hamjaambiwa na mpimaji kwamba kinamfaa.

Ila lugha si mdomo peke yake. Akithibitika kuwa hasikii sauti ya mtu, mwanzishieni Lugha ya Alama ya Tanzania mara moja, wewe, baba yake na bibi. Najua wapo watakaokwambia ishara zitamfanya mvivu wa kusema. Si kweli. Mtoto aliye na lugha mikononi anakuwa na kitu cha kufikiria nacho, na kama shimesikio zitamsaidia baadaye, maneno yatakuta nyumba imeshajengwa. Huyu wa kwako ameshaanza mwenyewe: ile khanga anayoivuta mpaka kwenye chupa ya chai ni sentensi kamili, inakosa watu wa kuijibu. Watafuteni CHAVITA, chama cha viziwi, wakukutanishe na viziwi watu wazima. Nina sababu. Mama wa mtoto kiziwi ambaye hajawahi kumwona fundi kiziwi, au mama kiziwi anayelea watoto wake, anafikiri maisha yameishia hapo. Kwa shule, ukanda wetu una Shule ya Viziwi Mtwivila hapa Iringa na ile ya Njombe. Hilo lina muda wake.

Kutembea kwa miezi kumi na saba kumesogea kidogo, ingawa sikio la ndani ndilo pia linaloshika mizani ya mwili, na moyo ukiwa dhaifu miguu nayo huchelewa. Watamwangalia. Huko mbele, watoto wa rubela huangaliwa pia sukari na tezi ya shingo, maana kisukari na hitilafu za tezi huweza kuja wakiwa wakubwa. Liandike pembeni ya kadi usilisahau, litakuja kukufaa.

Umeniuliza kama wewe ndiye umemharibu. Mwenye rubela anaambukiza kwa hewa kuanzia kama wiki moja kabla vipele havijatoka, na wapo wengi wanaoipata bila kipele hata kimoja. Ungeweza kuipata Mbalizi kwa kuwaogesha watoto wa dada yako, au kwenye hiace ya kwenda huko, au kwa mteja aliyekuja kununua ndoo ya viazi. Kliniki hawakukupima kwa sababu rubela haimo katika vipimo vya kawaida vya wajawazito wetu. Wanapima virusi vya UKIMWI, kaswende, damu, malaria. Na chanjo? Tanzania ilianza kutoa ya surua-rubela mwaka 2014, kampeni ikachukua watoto wa miezi 9 hadi walio chini ya miaka 15. Piga hesabu ya umri wako. Ulikuwa umeshavuka, mwanangu. Mlango ulifunguliwa ukiwa umeshapita. Mayai hayahusiki, tena ungekula zaidi. Na shemeji yako mwonyeshe kadi mara moja tu, usibishane naye.

Kwa mtoto mwingine, habari ni njema. Anayeugua rubela kwa kawaida hubaki na kinga, kwa hiyo kama ndiyo iliyokupata, mimba ijayo haina sababu ya kuiogopa. Kwa uhakika omba kipimo cha damu cha kinga ya rubela kabla hujashika mimba. Wakikuta huna, ulizia chanjo, ila ukichanjwa subiri mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, na mjamzito hachanjwi hii. Saitomegalo haina chanjo. Hapo ni kunawa mikono ukimfuta mtoto kamasi au kumbadilisha nepi, na kutokula kwa kijiko alichokilamba.

Mumeo mwambie. Dada yako anakupenda, lakini anakushauri ubebe peke yako mzigo wa nauli za Dar es Salaam, foleni na maamuzi ya upasuaji. Usimwambie kwa simu akiwa Tunduma kwenye foleni ya mpaka. Msubiri ale, aoge, kisha umpe kikombe na kijiko asimame nyuma ya mtoto mwenyewe. Akishaona kwa macho yake, mweleze vipele, siku tatu, wiki ya kumi, na redio. Anaweza kukasirika. Wengi hukasirika siku ya kwanza na kuuliza bei ya shimesikio siku ya tatu.

Mama mkwe msimwache nyumbani siku ya kipimo. Yeye ndiye anayekaa na mtoto wewe ukiwa sokoni, na yeye ndiye atakayejifunza ishara nyingi kuliko wote. Akiuliza mtaalamu kuhusu udata, mwache aulize, atafunuliwa ulimi aone. Kadi ya kliniki ibebeni, ile yenye maandishi ya daktari kuhusu moyo.